Kalamu Iliyofuta Uso wa Navalayo

"Nani huyo bibi arusi?" Mama Zilpah aliuliza, na Kageha nusura aangushe kikapu cha chakula.

Walikuwa wamefika mlangoni mwa duka la Priscah pale mjini Kakamega, duka la kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi, kumletea Osundwa, mume wa Kageha, chakula cha mchana. Tangu nyumbani, mtaa wa Shieywe, Mama Zilpah alikuwa ameshikilia mkono wa mkaza mwana wake, akiinua miguu juu kupita kiasi kama mtu anayevuka mtaro, maana barabara hakuiona. Muda mrefu sasa alikuwa hamtambui mtu ila kwa sauti. Ukimpa kikombe, alipapasa hewa kwanza. Na leo anasimama mlangoni na kuuliza habari za bibi arusi!

"Bibi arusi gani, mama?"

"Huyo hapo dirishani. Amevaa shela. Ala! Kwani wewe ndiye kipofu sasa?"

Halikuwa dirisha. Kilikuwa kioo cha kompyuta, na bibi arusi alikuwa mchoro ambao Osundwa alikuwa akiutengeneza kwa kadi ya harusi ya watu wa Butali. Mama Zilpah aliuachilia mkono wa Kageha, akatembea peke yake mpaka mezani, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, bila haya, mpaka wateja wakageuka.

"Macho, nayaona," alisema. "Pua, naiona. Osundwa mwanangu, naona!"

Osundwa alisimama, kalamu ingali mkononi. Nje mvua ya Elninyo ilikuwa inamwagika kama kawaida yake mwaka ule, kiasi kwamba mchana ulifanana na alfajiri na watu walipita barabarani kama watu wa ndotoni, nusu mwili nusu ukungu. Ndani ya duka palikuwa na mwanga mmoja tu wa maana, nao ulitoka kwenye kioo kile.

"Pole mama," Priscah alisema, "lakini sogea kidogo, wateja wanataka kupita." Alisema kwa heshima, lakini alisema. Mama Zilpah akaongozwa hadi nyuma ya mlango, akaketishwa kwenye kistuli kati ya maboksi ya karatasi, uso wake ungali umeelekea kwenye mwanga.

*

Presha ya macho, daktari alikuwa amewaambia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebaki na mwanga kidogo, nao ulikuwa njiani kuondoka, na kilichopotea hakirudi. Walipewa dawa ya matone ya kuchelewesha tu. Ndiyo sababu Osundwa alimtoa mama yake kijijini Malava na kumleta Shieywe, kwenye chumba chao cha kupanga, ambako pazia la maua liligawanya kitanda cha mama na kitanda cha Osundwa na mkewe.

Jioni ile walikula obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda. Mama Zilpah hakula sana.

"Osundwa, hiyo taa yako ya kazini. Inaweza kumwonyesha mtu ambaye hakupigwa picha?"

Osundwa aliacha kutafuna. Alijua ni nani. Kabla yeye hajazaliwa palikuwa na dada, Navalayo, kifungua mimba, aliyechukuliwa na surua akiwa bado anang'oa meno ya utoto. Picha yake haikuwepo. Mpiga picha wa siku hizo alikuwa mjini, na alikuwa wa watu wenye viatu.

"Zamani nilikuwa namwona nikitaka," mama alisema. "Nikiwa shambani napalilia mahindi, nafikiria tu, anakuja na uso wake wote. Siku hizi anakujanga usingizini, lakini amenipa mgongo. Namwita, hageuki. Haya macho yanaenda naye, mwanangu. Nataka nimwone mara moja. Mara moja tu, halafu giza lije kama linakuja."

Kageha alishika sufuria ili apate kitu cha kushika. Aliolewa akimkuta mama huyu akiwa mkali, mwenye kukagua hata jinsi majani ya kunde yalivyochumwa, na hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

Si kwamba Osundwa hakuwahi kujaribu kumchorea mama. Alishachukua makaa na ubao mweupe, akachora kichwa kikubwa kama sinia, mama akatazama weee, akasema, "Ni ukungu." Karatasi hakuiona, ubao hakuuona. Lakini kitu chenye mwanga wake chenyewe, kinachong'aa kutoka ndani, hicho jicho la kulia lilikuwa bado linakikubali. Osundwa alisema tutajaribu, mama. Usiku huo alilala akiwa na furaha ya kitoto.

*

Priscah alikubali, tena bila kuombwa mara mbili. Alikuwa mwanamke wa kanisa na wa biashara, na mambo hayo mawili yaligombana ndani yake kutwa nzima. Saa ya chakula, mvua ikiwa imefukuza wateja, Osundwa angeweza kumchorea mama yake. Lakini sharti moja.

"Usiniwekee ndani ya mashine. Imejaa. Ina mabango ya wagombea na marehemu wa wilaya nzima. Hiyo ni kazi, yako ni ndoto. Siku utamaliza kabisa nitakupatia disketi moja uiweke huko."

Nieleze kidogo kuhusu ile kalamu, maana ndiyo iliyoleta maneno. Priscah aliinunua pamoja na kompyuta, vyote mitumba kutoka ofisi fulani Nairobi. Palikuwa na kibao chembamba cheusi, ukubwa wa daftari, na kalamu isiyokuwa na wino. Ukichora juu ya kibao, mstari haukutokea kibaoni, ulitokea kule kiooni. Ubavuni mwa kalamu palikuwa na kitufe kidogo. Osundwa, ambaye maisha yake yote ya ujana aliandika mabango kwa brashi, mabucha na vinyozi na malango ya shule, aliizoea upesi kuliko Priscah alivyotegemea. Hicho kitufe hakukijali. Kalamu ngapi zina vitufe?

Mama Zilpah aliketi karibu na kioo, leso yake kichwani, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Osundwa akaanza.

"Kichwa si cha mviringo hivyo," mama alisema. "Kilikuwa kirefu nyuma, cha baba yako. Eeh. Hapo. Sasa masikio, usiyafanye makubwa, si punda huyo."

"Nyusi?"

"Zilikutana. Watu walikuwa wanasema mtoto mwenye nyusi zimekutana ni mkaidi, na kweli alikuwa mkaidi. Wacha! Zaidi. Punguza. Hapo hapo."

Mstari baada ya mstari mtoto akaanza kuja. Kovu juu ya jicho, alipoangukia jembe. Pengo mbele, maana jino alilitupa juu ya paa siku chache kabla hajaugua, na mama akacheka akisimulia jinsi lilivyorudi likamwangukia kichwani. Mvua ilipiga mabati. Kageha, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alihisi kama chumba kimeinuka kutoka mjini na kinaelea mahali pasipo na saa. Osundwa mwenyewe alikuwa hasikii kitu isipokuwa sauti ya mama yake na mwendo wa mkono wake. Alifika kwenye mdomo, akakunja mstari wa chini.

Kioo kikawa cheupe pe.

Hakuna kilichosalia, si nyusi wala kovu. Mama Zilpah aliruka kitini kana kwamba amemwagiwa maji.

"Amekwenda wapi? Osundwa! Mtoto amekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Sijui. Ngoja."

Alianza upya. Kesho yake walifika mashavuni, kioo kikawa cheupe. Siku iliyofuata walifika kidevuni, mama akisema "ndiye huyo, ndiye huyo anakuja," na kwenye mkunjo wa kidevu kioo kikawa cheupe. Safari hiyo Mama Zilpah hakuruka. Alivuta leso, akajifunika uso.

*

Mwalimu Protus alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha kupiga taipu, na ndiye aliyeitwa na mji mzima mashine zilipogoma. Alifika na mwavuli na kalamu kadhaa mfukoni mwa shati, akaketi bila kusalimu wote, akabonyeza kile kitufe cha ubavuni. Mchoro wa Osundwa ukafutika.

"Ni hiki tu," alisema. "Mwenye mashine wa kwanza alikipangia kazi ya kufuta ukurasa mzima. Labda alikuwa anachorea watoto." Akafungua dirisha la mipangilio ndani ya programu, akasoma, akachagua kwamba kitufe kisifanye lolote. "Haya. Bonyeza mpaka uchoke."

Osundwa alibonyeza. Mchoro ukakaa. Akabonyeza tena na tena, akicheka, na Kageha akapiga makofi. Wakaanza Navalayo mchana huo huo, na akawa anakuja vizuri, nyusi, kovu, mpaka ngurumo ya kwanza iliposikika kutoka upande wa msitu.

Radi za Kakamega si za mchezo, na Priscah alifanya anachofanya kila mwenye akili pale. Alichomoa waya zote ukutani kwa mkupuo, akatandaza leso nzito juu ya kioo, kwa sababu kioo huita radi, akaenda kukaa mbali na mlango. Alifanya hivyo karibu kila alasiri. Mchoro ukapotea, ndiyo, lakini safari hii hakuna aliyehuzunika. Kitufe kimetengenezwa. Kesho wangemaliza.

Kesho yake, kwenye mkunjo wa shavu, kioo kikawa cheupe.

Protus aliitwa tena, akaja amenuna, maana alikuwa ameacha darasa. Hakufungua dirisha la mipangilio. Kwa nini alifungue na alikwisha kulipanga mwenyewe jana? Alishika kalamu ile wima, vidole vimekakamaa, akachora nyumba, mlango, na mti. Hakuna kilichofutika.

"Umeona? Mashine ni nzima. Shida ni mkono wako, bwana. Hii si brashi ya kupaka ukuta wa bucha."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja programu ya mazishi walicheka, na kucheka kwao kulimwingia Osundwa ndani kabisa. Alikuwa mtu aliyesifiwa kwa mkono wake tangu shule ya msingi. Kazi ya mabango ilikuwa inamponyoka, watu wakitaka herufi za kompyuta, na kitu pekee alichobaki nacho ulikuwa mkono huo. Aliinama chini akasema, "Asante, mwalimu."

Nyuma ya mlango Mama Zilpah alisimama mwenyewe, akipapasa maboksi.

"Msiilaumu kalamu," alisema. "Ni yeye. Amenipa mgongo tena. Hataki. Nipeleke nyumbani, Kageha."

*

Hakurudi dukani. Kageha alimbembeleza, Osundwa alimbembeleza, akasema amechoka, mwanga ule unamwumiza, na mtoto asisumbuliwe aliko. Alikaa upande wake wa pazia akisikiliza mvua. Asubuhi moja alimimina chai, ikamwagika yote mezani kando ya kikombe, naye akakiinua kikombe kitupu kinywani. Kageha alipangusa. Walikuwa wameishi pamoja kiasi cha kutosha kujua mambo ambayo hayatajwi.

Jumapili mvua ilipumua, na Osundwa akatoa ubao barazani. Mwenye posho mill ya kusaga unga huko Malava alikuwa amemwomba aandike jina upya, na alikuwa mteja wa zamani, asiyependa kompyuta. Kageha aliketi mlangoni akichambua kunde. Alimtazama mumewe jinsi anavyoitazama kazi mtu asiyeijua, bila haraka. Kila herufi ilipofika kwenye kona, brashi ilijizungusha kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

"Kwa nini unaizungushanga hivyo?"

"Nini?"

"Brashi. Kila ukikunja, unaiviringisha."

Osundwa alitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Usipoviringisha, nywele zake zinafunguka. Mstari unatoka na ndevu. Ndivyo tulifundishwa, kila mwandishi wa mabango anafanya hivi."

"Na ile kalamu ya dukani?"

Brashi ilidondosha tone jekundu kwenye kiatu chake. Haina nywele, kalamu ile. Haina haja ya kuviringishwa. Lakini mkono wake ulikuwa ukiiviringisha kwenye kila mkunjo, kwenye mdomo, kwenye shavu, kwenye kidevu, na kila ilipozunguka, kitufe kilipita chini ya kidole chake, naye alikandamiza, kwa sababu hapo ndipo mwandishi hukandamiza. Protus aliishika kama msumari. Mchoro ungefutika vipi mikononi mwake?

"Ni mimi," Osundwa alisema. "Kageha, ni mimi nilikuwa namfuta."

"Acha hayo. Kitufe si kilizimwa? Mbona kiliamka?"

Jumatatu alijaribu kuchora bila kuviringisha. Alijifunga kidole kwa kitambaa, akajikumbusha kila mstari. Uso uliotoka ulikuwa mgumu, macho kama ya sanamu ya duka la nguo. Mkono uliofundishwa hivyo miaka yote haukukubali kufundishwa upya kwa siku moja, na siku zenyewe hawakuwa nazo. Kilichotakiwa ni kitufe kilale, na kikilala kisiamke.

*

Kageha alikwenda chuoni mwenyewe. Protus alimfanya angoje kwenye korido mpaka darasa liishe, wanafunzi wakipita wakilitazama gauni lake lililoloa hadi magotini.

"Nilishasema mashine ni nzima."

"Ni nzima, mwalimu. Sijaja kubishana. Naomba uje ukae nasi mchana mmoja, si kupita. Mama yetu anapoteza macho, na kuna mtu anataka kumwona kabla hayajaisha."

Protus aliweka chaki chini. Hakujua kwamba yule mama wa nyuma ya mlango ndiye aliyekuwa akichorewa. Alidhani ni kadi za harusi. Alichukua mwavuli wake.

Dukani alifungua dirisha la mipangilio, akakunja uso. Kitufe kilikuwa kimerudia kazi yake ya kufuta ukurasa, kama vile hakukigusa kamwe. "Nani amekibadilisha?" Hakuna. Akakizima tena. Wakangoja. Osundwa akachora, akaviringisha, kitufe kikakaa kimya. Kila kitu sawa. Protus akaanza kuona haya kwa kutoelewa, na haya hiyo mtu kama yeye hakuizoea.

Halafu ngurumo ikaja kutoka upande wa msitu, Priscah akainuka na leso yake, na waya zikachomolewa ukutani.

"Madam!" Protus aliruka. "Hivyo ndivyo mnazimanga?"

"Ulitaka nizimeje? Ningoje radi iniulize?"

"Kila siku?"

"Kila siku ikinguruma. Na hapa ni wapi haingurumi?"

Protus aliketi, akashika kichwa. Kisha akaeleza polepole, akiwatazama wote watatu. Programu ile haikuandika mabadiliko yake mahali pa kudumu mpaka ifungwe kwa utaratibu, kwa amri yake yenyewe. Ukiichomoa ukutani ikiwa wazi, inasahau ulichoiambia siku hiyo, na ikiwashwa tena inakumbuka tu alichopanga yule mtu wa Nairobi. "Nilikizima kitufe," alisema, "na nyinyi mkaichomoa siku ile ile. Ikasahau. Nami nilipokuja mara ya pili sikuangalia. Nilipaswa kuangalia." Akamgeukia Osundwa. "Nisamehe kwa yale maneno ya bucha."

"Yamepita, mwalimu."

Priscah alikuwa bado amesimama na leso mikononi. "Kwa hivyo ni mimi," alisema taratibu, "nilikuwa namfuta mtoto wa watu?"

Radi ilipiga mahali fulani karibu, mabati yakatetemeka, na walipokuwa wakingoja ipite Priscah alifungua droo, akatoa disketi mpya, akaiweka mbele ya Osundwa. Mvua ilipopungua wakawasha mashine. Protus akazima kitufe, akafunga programu kwa utaratibu, akaifungua tena. Kitufe kilikuwa kimelala. Akarudia, na bado kilikuwa kimelala.

*

"Amegeuka?" Mama Zilpah aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Amegeuka, mama," Osundwa alisema. "Haikuwa yeye. Ilikuwa waya na mkono wangu. Anakungoja."

Mama alijisogeza, akapapasa ukingo wa kitanda. Kisha akaomba leso yake ya kwendea kanisani.

Walikwenda asubuhi, kabla ya ngurumo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, na Kageha alimwongoza mama katikati ya ukungu huo akimwambia hapa kuna maji, hapa kuna jiwe. Mlangoni mwa duka mama hakusimama wala kuuliza kitu. Priscah mwenyewe alimshika mkono wa pili, akamketisha, si nyuma ya mlango, bali mezani, kwenye kiti chake mwenyewe chenye mto.

Osundwa alianza. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukaviringisha kalamu ulivyotaka, na hakuna kilichofutika. Kichwa kirefu nyuma. Masikio madogo. Nyusi zikakutana.

"Hivyo, mama? Au nizishushe?"

"Hivyo hivyo."

"Kovu liko mahali pake?"

"Liko mahali pake."

"Kidevu?"

"Ni hicho, mwanangu. Endelea."

Siku zile za kwanza mama alikuwa amepigania kila mstari. Leo alikubali yote. Osundwa alidhani ni kwa sababu sasa alikuwa anamjua dada yake, kwamba sauti ya mama ilikuwa imekwisha kumhamishia mtoto mzima mkononi, na pengine ilikuwa hivyo kweli, maana uso uliokuwa unatoka kiooni haukuwa wa mtu mwingine yeyote. Ulikuwa wa mtoto mkaidi, mwenye pengo, anayekaribia kucheka. Kageha hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama mama.

Osundwa alimaliza mdomo. Akahifadhi kwenye disketi kama alivyofundishwa, akaweka kalamu chini, akarudi nyuma hatua moja.

Priscah aliacha mashine ya kuchapa, akaja akasimama. Mteja mmoja mlangoni alivua kofia. Mama Zilpah aliinamisha kichwa mbele, macho wazi, na wote wakamgeukia yeye, wakingoja atakachosema. Midomo yake ilicheza kidogo. Wakaendelea kungoja, hakuna aliyegusa kitu.

Kompyuta ile ilikuwa na desturi ya kuzima kioo chake yenyewe isipoguswa kwa muda. Ukigusa kalamu tu, kinawaka tena. Kioo kikazima, bila sauti. Navalayo akaenda na pakabaki weusi mtupu, na ndani ya weusi huo vivuli vya watu waliosimama.

"Amependeza," Mama Zilpah alisema. "Mwone anavyoniangalia."

Hapo ndipo Osundwa alipojua kwamba jicho la kulia nalo limekwisha. Alizihesabu upya siku zote zile za kioo cheupe, siku ambazo jicho lilikuwa bado linaona, na zote ziliwaishia mikononi. Alinyoosha mkono kuichukua kalamu. Kageha akamshika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa.

Mama alikuwa ameinua kiganja. Alipapasa hewa, akakipata kioo, akakilaza kiganja chake juu yake. Kilikuwa bado na moto wa kukaa kimewaka.

"Ana joto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke kijana. "Osundwa, mtoto ana joto. Usimzime bado."

"Simzimi, mama."

"Na nyinyi mnamwona?"

Priscah ndiye aliyejibu kwanza, kabla ya wenye mtoto. "Tunamwona, mama," alisema, na watu wa duka lile wakasimama mbele ya kioo cheusi, wakingoja amalize kumtazama mwanawe.